Ncha Mbili za Waya

Katika miaka thelathini na minne ya utumishi wake katika jengo la simu, hakuna aliyepata kumwona Bwana Laini akifungua kitabu cha maelekezo. Vitabu vya namna hiyo, alikuwa akisema, huandikiwa watu ambao mikono yao haina kumbukumbu. Na mikono yake yeye, kwa fadhila za Mola, ilikumbuka hata yale ambayo kichwa kimeyaacha njiani. Jina lenyewe alilipata huko, kwa ajili ya laini alizozifunga na kuzifungua, likamfuata hadi kwenye ustaafu kama paka aliyekataa kubaki kwa jirani. Hata mkewe alimwita hivyo alipoudhika. Akiwa hajaudhika alimwita Mzee.

Watu wa kazi ile walikuwa na mila zao. Nyaya walizizungumzia kana kwamba ni watu: huyu mgonjwa, yule mvivu, huyu kafa. Waya uliokufa haukukatwa wala kung'olewa. Uliachwa palepale, chini ya skrubu ileile, ili atakayekuja kuhesabu asikute pengo, na waya mwingine uliokuwa umekaa bure ukapewa zamu yake. Rangi ndiyo iliyokuwa jina la waya. Na sheria kubwa kuliko zote, ambayo msimamizi wake wa kwanza alimfundisha kwa kumchapa rula vidoleni, ni kwamba laini hupimwa ncha mbili, kwa kuwa anayesema peke yake hajui kama anasikiwa. Bwana Laini naye aliwafundisha sheria hiyo wanagenzi wasiopungua arobaini. Lakini mwanadamu aghalabu huwa mwepesi wa kugawa elimu kuliko kuitumia.

Nyumba yake ilipashwa joto kwa pampu ya joto, yaani mtambo wenye kasha moja uani na kasha jingine ndani ya stoo, ambao wakati wa baridi huchota joto la nje na kuliingiza ndani, na wakati wa joto hugeuka ukafanya kinyume chake. Kinachouamrisha ni kidude kiitwacho themostati, kilichofungwa ukutani katika ushoroba, chini kidogo ya kioo ambacho mkewe hujitazama kabla ya kutoka. Kidude hicho kilikuwa kikongwe. Kwa mwaka mzima kilikuwa kikifanya kazi kwa kupigwa kofi, na siku ya Jumatano, katika msimu ule ambao madirisha hutoka jasho na mtu huiona pumzi yake jikoni, kikakataa hata kofi.

Jumatano hiyohiyo daktari alitamka kwamba mkewe, aliyekuwa amelazwa wiki tatu kwa homa ya mapafu, ataruhusiwa Ijumaa. Habari hiyo aliiletewa na binti yao kwa simu. Binti huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na alizungumza na baba yake kama azungumzavyo na darasa la mwisho wa siku.

"Baba, nyumba ina joto?"

"Itakuwa nalo."

"Sijauliza kama itakuwa nalo. Nimeuliza kama inalo."

"Themostati imekufa. Ile mpya aliyoleta mumeo bado iko ndani ya boksi lake. Kesho naifunga. Kazi ya nusu saa."

"Mwite fundi."

"Fundi ni mimi."

"Wewe ni fundi wa simu, Baba."

"Waya ni waya."

Binti akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mwalimu aliyekuta kosa lilelile mara ya pili. "Basi sikiliza. Daktari kasema digrii ishirini, isipungue hata moja. Mama akipigwa na baridi, mapafu yale yanarudi palepale yalipokuwa, na safari hii hakuna anayejua kama atatoka. Ijumaa saa tisa alasiri naingia hapo naye. Nakuja na kipimajoto changu. Ikiwa chini ya ishirini, begi lake halishuki garini. Naondoka naye kwangu mpaka baridi iishe."

"Kwangu" ilikuwa mwendo wa saa nne. Aliwajua wazee wenzake watatu ambao wake zao walikwenda kukaa kwa watoto mwezi mmoja, na mwezi huo haujaisha hadi leo.

Alhamisi asubuhi alifungua boksi. Karatasi iliyokuwamo haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa na picha, na picha ya kwanza kabisa ilionyesha mkono ulioshika simu, ukizipiga picha nyaya kabla hazijafunguliwa. Bwana Laini aliinua macho, akajiona katika kioo cha mkewe, akajichekea.

"Nimefunga nyaya elfu mbili mia nne ndani ya kabati moja," alimwambia yule wa kwenye kioo, "leo nipige picha ya nyaya sita?"

Akazima swichi kuu. Akalegeza skrubu zote kwa mkupuo, akazichomoa nyaya zote sita kama mtu ang'oaye magugu, na ile themostati ya zamani akaitia ndani ya pipa la taka bila ya kuitazama usoni. Kisha akazinyoosha nyaya moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akihisi raha ambayo hakuwa ameihisi tangu siku ya kustaafu: nyekundu, njano, kijani, bluu, chungwa, nyeupe. Kila moja ikaenda kwenye tundu lenye herufi yake kama karatasi ilivyoagiza. Wa chungwa, ambao kwa desturi ndio huibeba amri ya kuigeuza vali ya mtambo kutoka kupoza hadi kupasha, akauchomeka mahali pake. Ule mweupe, kwa mujibu wa karatasi, ni wa hita ya ziada. Na nyumba yake haikuwa na hita ya ziada. Basi akauvisha utepe mweusi kichwani, akausukuma ndani ya tundu la ukuta.

"Wewe pumzika," akauambia.

Akairudisha swichi kuu, na uso wa themostati mpya ukawaka. Ndani ya nyumba, ilisema, ni digrii kumi na tano. Akaiamuru ifike ishirini na mbili, naye akasimama chini ya tundu la hewa, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mitambo ya aina hii haianzi papo hapo; husubiri dakika tano kwanza, kana kwamba inajadiliana na nafsi yake. Baada ya dakika tano kasha la uani likanguruma, hewa ikaanza kushuka. Ilikuwa baridi. Haidhuru, alisema, haijapata moto. Baada ya dakika ishirini akaitazama tena themostati. Kumi na nne.

Akazima, akawasha, akasubiri dakika tano. Baridi. Akavuta kila waya kuona kama umeshika. Zote zilikuwa zimeshika. Dakika tano nyingine, baridi. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwa bidii yote ya mtumishi mwaminifu, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuipoza nyumba.

Hapo ndipo alipoinama kwa mara ya kwanza maishani mwake kuomba msaada, akaipiga namba iliyoandikwa mgongoni mwa boksi. Akapokewa na sauti ya mashine iliyomhakikishia kwamba simu yake ni muhimu mno, kisha ikamwekea muziki. Muziki huo aliusikiliza dakika arobaini. Kwamba mtu wa simu asubirishwe kwenye simu ni jambo ambalo yeye mwenyewe, katika siku zake, angeliona la kuchekesha. Na lililomkera zaidi ni mkwaruzo mdogo uliokuwa ukija na kupotea nyuma ya muziki. "Kuna mtu kaacha kiungo kimelegea huko," aliiambia mashine. Mashine ikasisitiza kwamba simu yake ni muhimu.

Hatimaye akaja mtu, msichana kwa sauti yake. "Karibu, mzee wangu, nikusaidie nini?"

"Binti yangu, nimeiambia ipashe, yenyewe inapoza."

"Pole sana. Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Mara sita."

"Ulipiga picha ya nyaya kabla ya kuzifungua?"

Bwana Laini akatazama kioo. "Swali linalofuata."

Yule binti akacheka kidogo, cheko la mtu anayelisikia jibu hilo kila siku. Akamweleza kwa upole kwamba kuna mitambo ambayo vali yake ikipewa umeme hupoza, na kuna mingine ambayo ikipewa umeme ndipo hupasha. Basi themostati isipoambiwa iko katika nyumba ya aina gani, huamuru kinyume. Akamwongoza katika menyu hatua kwa hatua, bonyeza hapa, shuka chini, hapana mzee wangu, rudi, hapo, mpaka wakaufikia uchaguzi wenyewe na kuugeuza.

"Sasa tusubiri dakika tano," alisema.

"Najua. Tano hizo tumeshazoeana."

Wakasubiri. Hewa ikashuka, baridi kama ya mwanzo.

"Haiwezekani," alisema yule binti wa kwenye simu. "Ikiwa mwanzo ilikuwa kinyume, sasa lazima iwe sawa. Hebu rudisha kama ilivyokuwa." Akarudisha. Tano. Baridi. "Mzee wangu, waya wa chungwa una umeme? Una kitu cha kupimia?"

Kuulizwa hivyo kulimchoma kuliko baridi. Akachukua testa yake, ileile ya miaka yote, yenye mpini uliolika kwa vidole vyake, akaigusisha kwenye waya wa chungwa pale ukutani. Kitaa kikawaka.

"Anao. Yu hai."

"Basi amri inatoka lakini mtambo hautii. Hapo vali yenyewe ndiyo imekufa, na hiyo haibadilishwi na mwenye nyumba. Utahitaji fundi wa mitambo ya hewa. Kuna jingine la kukusaidia leo?"

"La," alisema Bwana Laini. "Umenimaliza."

Fundi wa mitambo ya hewa alipokea simu akiwa juu ya paa la mtu, upepo ukimpiga mdomoni. "Naweza Jumatatu, mzee."

"Jumatatu hii?"

"Si hii. Ile ya pili yake."

"Mwanangu, mke wangu anatoka hospitalini kesho. Mapafu."

"Mzee wangu, kila aliyenipigia leo ana mgonjwa, na wengine nadhani wamewaazima. Nikipata nafasi nitakupigia. Zima mtambo usije ukaganda." Upepo ukamchukua.

Jioni ikamleta jirani yake, kinyozi, mtu mwema aliyekuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba hajawahi kunyoa kichwa bila ya kukieleza mtaani. Alikuja na hita ndogo ya umeme kwapani, akasimama katika ushoroba akijikunyata.

"Bwana we! Humu ndani mbona kuna baridi kuliko buchani? Umefungua biashara ya nyama hujatuambia?"

"Weka hiyo hita, uende zako."

"Fundi mkuu wa nchi, kashindwa na kijidude cha kiganja!"

"Vali imekufa. Si kosa langu."

"Marehemu hajitetei," alisema kinyozi, akachomeka hita ukutani. Ikawaka nyekundu, ikatoa harufu ya vumbi lililoungua, ikawapa matumaini kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha nyumba nzima ikazimika, kwa kuwa kasha la uani lilikuwa bado likinguruma kwenye njia ileile ya umeme. Katika giza kinyozi akasema taratibu, "Sasa hili ni la nani? La vali?"

Bwana Laini alimrudishia hita yake mlangoni, na maneno matatu ambayo baadaye alimwomba Mwenyezi Mungu amsamehe. Akaurudisha umeme, akauzima mtambo. Usiku ule hauna la kusimuliwa ila mablanketi manne na soksi jozi mbili.

Ijumaa ilimkuta ameamka kabla ya adhana ya kwanza. Aliswali, akaomba joto kwa maneno yaliyo wazi kabisa, asije akaeleweka vibaya, kisha akairudia kazi ileile kwa hasira ya mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko alioutafuta tayari. Alizifungua nyaya, akazisafisha ncha kwa kisu, akazirudisha. Akaupima tena wa chungwa: kitaa kikawaka. Akauwasha mtambo, akasubiri dakika tano, akauzima. Katika saa nne alifanya hivyo mara tisa, na kila mara alipoinua macho alimkuta yule mzee wa kwenye kioo akimtazama kwa huruma ambayo hakuiomba.

Mara moja alifika hadi mlango wa stoo. Nyaya zote sita, baada ya kupita ndani ya ukuta, huishia kwenye kasha lililo humo, na kutoka kwenye kasha hilo ndipo amri husafiri hadi uani. Lakini mbele ya kasha, kutoka sakafuni hadi kimo cha kidevu, palisimama maboksi kumi na moja ya masalio yake ya kazini: vipande vya kebo, mikono ya simu isiyo na simu, skrubu zilizopangwa kwa urefu. Mkewe alikuwa amemsihi ayatoe kwa miaka mingi kuliko idadi yake. Aliyatazama, na maboksi yakamtazama. Ya nini, alijiambia. Waya yu hai, testa imesema. Na vali iko uani, si humu. Akaufunga mlango.

Saa tisa kasorobo gari likasimama nje.

Alifungua mlango akiwa amevaa makoti mawili, na kwa hilo pekee binti alikwisha kupata jibu lake. Hata hivyo aliingia na kipimajoto mkononi, akasimama katikati ya ushoroba kama asimamavyo kati ya madawati, akangoja kitulie.

"Kumi na tatu," alisema. "Baba. Kumi na tatu."

"Vali imekufa."

"Nilikuambia uite fundi."

"Nimemwita. Anakuja Jumatatu ya pili."

"Basi Mama atarudi baada ya Jumatatu ya pili. Au baridi ikiisha. Tutaona." Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufanya hesabu, akapiga mstari chini yake.

"Asishuke garini," akaongeza. Lakini mama mwenyewe alikuwa amekwisha kushuka. Aliingia akishika ukuta, amefungwa koti, shali na shali jingine juu yake, amepungua uso hata macho yakaonekana makubwa kuliko mumewe alivyoyajua. Akaketi kwenye kiti kilicho chini ya kioo.

"Mama, umeambiwa ubaki garini!"

"Nimeambiwa nipumzike. Nitapumzika nyumbani kwangu dakika tano, kisha mnichukue mnakotaka. Mzee, hujambo?"

"Sijambo. Nimejaribu, Mama Mwali. Tangu jana najaribu."

"Nakuona. Umevaa koti langu." Akatazama tundu la hewa juu ya mlango. "Kinapuliza kabisa, au hakipulizi?"

"Kinapuliza. Kinapuliza baridi. Ukikiambia pasha, kinapoza. Geuza menyu, kinapoza. Vali imekufa."

"Nani kasema?"

"Binti wa kwenye simu."

"Kaiona?"

"Ataionaje naye yuko kwenye simu?"

Mkewe akakohoa, kikohozi kirefu kilichowafanya wote wawili wasogee, akawazuia kwa kiganja. Alipopata pumzi akasema, "Sasa hii si ndiyo ileile ya mwaka wa kioo?"

"Kioo gani?"

"Kioo gani!" Akaelekeza kidole juu ya kichwa chake bila ya kugeuka. "We Laini, mimi ndiye niliyekuwa na homa, au wewe? Nilitaka kioo hapa mlangoni nijipake wanja kabla ya kutoka. Ukapigilia msumari. Siku hiyohiyo nyumba ikaanza kupuliza baridi, tukakaa siku mbili kama samaki kwenye barafu. Ukasema umemchoma mmoja wa watoto wako tumboni, humo ukutani."

Bwana Laini akakitazama kioo. Kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakujiona mwenyewe, aliuona msumari.

"Sikumbuki," alisema polepole.

"Mimi nakumbuka kwa sababu ya wanja. Ulitafuta kalamu uandike, hukuiona. Ukachukua kalamu yangu ya wanja, mpya, hata kifuniko chake sijakizoea, ukaingia nayo stoo, ukaandika sijui nini kwenye mfuniko wa lile kasha. Ukanirudishia kipande kama jino la mtoto. Miaka kumi na moja nakisema kipande hicho. Mwanao shahidi."

"Kweli, Baba," alisema binti. "Anakisema."

Ndipo ikafuata kazi ambayo Bwana Laini aliikimbia asubuhi. Maboksi kumi na moja yalitoka stoo moja baada ya jingine, yeye akibeba na binti akipokea, yakapangwa uani kwenye nyasi zenye unyevu. La saba lilifumuka chini, skrubu zilizopangwa kwa urefu zikatapakaa. Nyuma ya yote likaonekana kasha. Akafungua skrubu nne za mfuniko, akaugeuza kwenye mwanga.

Maandishi yalikuwa yake, yenye mkia mrefu kwenye kila herufi ya mwisho, meusi, mazito, kana kwamba yameandikwa jana na mtu aliyejipamba:

*Chungwa kafa, msumari. Mweupe kashika zamu yake. Atakayefungua ukutani asisahau.*

Akaketi juu ya sakafu. Kumbe alifanya kama mila inavyotaka: waya uliokufa hakuuondoa, aliuacha chini ya skrubu yake huko ukutani ili hesabu itimie, na mweupe uliokuwa bure akaupandisha juu yake kwenye skrubu ileile. Jana alizichomoa zote kwa mkupuo, akampa maiti cheo na aliye hai akamvisha utepe na kumzika. Testa haikusema uongo. Umeme ulitoka kwenye themostati, ukaingia kwenye waya wa chungwa, ukaenda hadi kwenye msumari wa kioo, ukaishia hapo. Naye aliupima mahali ulipoanzia, akaridhika. Kwa rula ya msimamizi wake, hilo lilikuwa kosa la vidole vyote kumi.

"Kuna nini?" aliuliza binti.

"Nimepima ncha moja," alisema.

Alirudi ushorobani, akauvua uso wa themostati, akaingiza kidole ndani ya tundu la ukuta na kuuvuta ule mweupe. Utepe ukatoka na gundi yake. Akautoa wa chungwa katika tundu lenye herufi ya vali, akaukunja, na mahali pake akauchomeka mweupe. Kabla hajaufunika, mkono wa binti ukatokea kando ya shavu lake, umeshika simu.

"Piga picha."

Bwana Laini akaichukua simu. Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole chake. Ya pili ilikuwa ya nyaya.

Akauwasha mtambo, wakasubiri zile dakika tano, watatu wote, chini ya tundu la hewa. Uani kasha likanguruma. Hewa ikashuka, baridi kwanza, naye moyo ukamshuka pamoja nayo. Kisha mahali fulani ndani kabisa ya mtambo pakasikika mlio kama wa mtu anayeachia pumzi, na hewa ikageuka. Mkewe ndiye aliyeinua uso.

"Haa," alisema. Basi.

Binti alikiinua kipimajoto kwenye tundu. "Thelathini na nne." Akakishusha. "Lakini chumbani kumi na tatu. Daktari hakusema tunduni. Kasema chumbani."

"Subiri basi," alisema Bwana Laini.

"Giza likiingia naondoka, Baba. Siwezi kuendesha usiku na mgonjwa. Begi liko garini."

Hakuna kazi ngumu kuliko kuitazama nyumba inavyopata joto. Walimhamishia mkewe jikoni, chumba kidogo kuliko vyote, wakaziba mlango kwa taulo, wakawasha birika likatoa mvuke. Kumi na nne. Kumi na tano, kwa muda mrefu kumi na tano. Bwana Laini alikwenda na kurudi, akiugusa ukuta kama mtu agusaye paji la uso la mtoto. Saa kumi na moja ilikuwa kumi na saba. Kinyozi alichungulia dirishani, akauona mvuke, akauliza kama nyama imeuzwa. Binti akamjibu kwa jicho, naye kinyozi akaondoka. Kumi na nane. Jua likapita nyuma ya paa la jirani. Binti akavaa koti lake, akachukua ufunguo wa gari, akaenda mezani kulipokuwa na kipimajoto, akainama. Baba yake hakuthubutu kusogea.

"Kumi na tisa na nusu," alisema.

Mkewe alikuwa amekwisha kulivua shali moja. Alikuwa akilivua la pili, taratibu, bila ya kumtazama mtu.

Mwalimu wa hesabu alisimama kitambo akiwa ameinama vilevile, ufunguo ukining'inia kidoleni. Kisha akanyooka.

"Ukikadiria," alisema, "ni ishirini." Akatoka kwenda kulishusha begi.

Bwana Laini akashusha pumzi, akaanza kusema kwamba kesho, Mungu akipenda, atayarudisha yale maboksi stoo kabla umande haujayaharibu.

"Maboksi hayarudi," alisema mkewe.

"Hayarudi," alikiri.

"Na kesho utaninunulia wanja."